Ukipigwa na Mzee

Kaka yangu hamwiti Michael Moorer kwa jina lake. Anamwita "yule aliyepigwa na babu." Tumebishana juu ya mtu huyu miaka mingi, na kila mara kaka huanzia hapo na kuishia hapo hapo, kana kwamba Moorer alizaliwa usiku wa tarehe 5 Novemba 1994, akapanda ulingoni Las Vegas, akala konde moja la kulia raundi ya kumi, basi, hadithi ikaisha.

Ukiitazama video ya pambano lile mara moja tu, utamwelewa kaka. Moorer alikuwa na miaka 26, imebaki wiki moja atimize 27. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, amepigana mara 35 bila kushindwa hata mara moja, na miezi michache nyuma alikuwa amemvua Evander Holyfield mikanda. Upande wa pili amesimama George Foreman, miaka 45, kipara kinang'aa, kitambi kimekaa juu ya bukta nyekundu ile ile aliyoivaa Kinshasa mwaka 1974 usiku alipopigwa na Muhammad Ali. Pambano lake la mwisho lilikuwa karibu mwaka mmoja na nusu nyuma, na alikuwa amelipoteza, mbele ya Tommy Morrison. Chama kimojawapo cha ngumi kilikataa hata kulitambua pambano hili, mpaka Foreman akaenda mahakamani. Yaani mzee yule aliingia ulingoni kwa amri ya hakimu.

Kwa raundi tisa Moorer alimpiga atakavyo. Anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo ule wa kulia ndio ulikuwa mbele, na ulitua usoni kwa Foreman kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua wenyewe wamo ndani. Uso wa mzee ulivimba. Majaji wawili walikuwa wameandika 88 kwa 83, wa tatu 86 kwa 85, wote kwa Moorer. Kisha raundi ya kumi Foreman akatanguliza kushoto, akafuatisha kulia, konde fupi lisilo na mbwembwe, likakutana na kidevu. Moorer akalala chali. Refa akahesabu hadi kumi. Foreman akageuka, akaenda kwenye kona, akapiga magoti, akasali.

Kwa muda mrefu nami nilikuwa upande wa kaka. Nilidhani bingwa anayepigwa na mtu wa umri ule amejifuta mwenyewe: yote aliyoyafanya nyuma yanakuwa uongo uliochelewa kugundulika. Leo siamini hivyo, na kilichonitoa huko kwanza hakikuwa kitabu wala takwimu. Kilikuwa ini langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya mazoezi ya ngumi jioni mara tatu kwa wiki, sina pambano hata moja la maana, ila nina kasi na ninaijua. Pale mazoezini alikuwepo mzee mmoja, amevuka hamsini, ndevu zimeingia mvi, anakuja kupiga begi kwa utaratibu na kuondoka bila kelele. Siku moja akaniomba raundi tatu. Nikamwonea huruma. Raundi ya kwanza nilimgusa nilipotaka. Raundi ya pili vilevile, ingawa nilianza kuona kwamba makonde yangu yanatua kwenye mabega na viwiko zaidi kuliko kichwani. Raundi ya tatu nilivuta mkono wa kulia ili nimalizie, na kitu ambacho hata leo sijakiona kikaingia chini ya mbavu zangu za kulia.

Anayejua konde la ini hahitaji maelezo. Asiyelijua nimwambie tu kwamba kichwa kinabaki kizima kabisa, unasikia kila kitu, unaona kila mtu, na miguu inakataa. Nilipiga magoti. Mzee akavua glovu, akainama, akaniambia taratibu: "Pole, mwanangu. Kila ukitaka kurusha mkono wa kulia, unavuta pumzi kwanza."

Raundi mbili nzima nilidhani nampiga, kumbe nasomwa. Kwa miezi miwili pale mazoezini wakaniita Kapumzi.

Nasimulia hili kwa sababu mbishi wa ngumi anapotamka "mzee" huwa anafikiria mwili tu. Ni kweli mwili unaondoka, ila hauondoki wote siku moja. Miguu huanza. Kisha huja ile robo ya sekunde kati ya kuona konde na kulikwepa. Lakini uzito wa ngumi hukaa sana. Mtu aliyezaliwa na konde la kulaza watu anaweza kuwa nalo hata akiwa hawezi tena kupanda ngazi bila kupumzika. Na kujua ndiko hukaa zaidi ya vyote. Wahenga wanasema jungu kuu halikosi ukoko, na ulingoni ukoko huo ndio unaovunja meno ya vijana. Foreman hakushinda kwa bahati. Alikubali kupigwa raundi tisa ili apate umbali anaoutaka, na kocha wa Moorer, Teddy Atlas, alikuwa akimsihi kijana wake asisimame mbele ya mkono ule. Akasimama.

Lakini kueleza kwa nini mzee anashinda si kujibu swali. Swali ni la aliyelala chini. Je, jina lake linapungua?

Kuna mtego hapa ambao mashabiki tunauweka sisi wenyewe kisha tunacheka mtu akinaswa. Ukimshinda mkongwe, tunasema umempiga mzee. Ukishindwa, tunasema umepigwa na mzee. Larry Holmes alimpiga Muhammad Ali tarehe 2 Oktoba 1980, Ali akiwa na miaka 38, kona yake ikamzuia asitoke kwa raundi ya kumi na moja. Holmes alikuwa bingwa halali na alifanya kazi yake. Hakupata heshima hata ya kujaza kiganja. Sasa mgeuzie matokeo kichwani. Kama Ali angeshinda usiku ule, Holmes tungemkumbuka kwa jambo hilo moja mpaka kiama. Pambano ambalo ukishinda hupati kitu na ukishindwa unapoteza kila kitu si kipimo cha haki cha mtu yeyote. Mabingwa vijana wanakubali kuingia humo kwa sababu majina ya wakongwe yanauza tiketi, na malipo yanakuwa manono kuliko ya kupigana na kijana hatari asiyejulikana.

Na neno lenyewe linatucheza. Kwetu sisi tunaosema Kiswahili, mzee ni cheo. Unamwamkia, unampisha akae. Halafu mzee huyo huyo akivaa glovu na kumwangusha kijana, ghafla uzee unakuwa tusi, tena si kwa mzee, kwa kijana. Kila nikilitafakari jambo hili sioni mantiki yake.

Mtu aliyenifungua macho kabisa ni Ezzard Charles, na huyu nitakaa naye kidogo, maana kisa chake kina kila kitu.

Charles alikuwa mwembamba kwa mtu wa uzito wa juu. Enzi zake bora alizipigana katika uzito wa kilo 79, na huko alimshinda Archie Moore mara tatu, mtu ambaye baadaye angekuja kuwa bingwa wa uzito huo kwa miaka. Charles mwenyewe hakuwahi kuwa bingwa wa uzito huo. Akapanda juu. Mwaka 1949 akamshinda Jersey Joe Walcott, akapata taji lililoachwa wazi na Joe Louis. Watu hawakulikubali: taji halikutoka kichwani kwa mwenyewe, wakasema. Basi tarehe 27 Septemba 1950 akapigana na Louis mwenyewe, aliyerudi kutoka kustaafu akiwa na miaka 36, akamshinda kwa pointi raundi 15. Watu wakamchukia zaidi. Amempiga Joe Louis wetu, mzee wa watu! Huo ni upande wa kwanza wa mtego.

Upande wa pili ulimngoja Pittsburgh. Walcott alikuwa ameshajaribu kupata taji la dunia mara nne: mara mbili kwa Louis, mara mbili kwa Charles, na mara zote nne ameshindwa. Tarehe 18 Julai 1951 akajaribu ya tano. Alikuwa na miaka 37, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulipata taji la uzito wa juu katika umri huo. Charles alikuwa ndiyo kwanza ametimiza 30. Raundi ya saba Walcott akamsogelea kwa ule mwendo wake wa kinyonga, kana kwamba anapita njia tu, kisha konde la kushoto likatoka chini, likamkuta Charles taya. Akaanguka kifudifudi. Mwaka uliofuata wakarudiana, na Walcott akashinda tena kwa pointi, pambano ambalo wengi walibisha matokeo yake.

Kwa hesabu ya kaka yangu, Charles amekwisha hapo. Amepigwa na mzee ambaye yeye Charles alikuwa ameshamshinda mara mbili. Na kweli kwa miaka mingi jina lake lilikaa gizani, kati ya Louis na Rocky Marciano, kama kituo ambacho treni haisimami.

Ila soma kilichofuata. Mwaka 1954 Charles akapigana na Marciano mara mbili. Ya kwanza walikwenda raundi zote 15, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kufika raundi ya 15 na Marciano. Ya pili alimpasua Marciano pua vibaya kabla ya kulazwa raundi ya nane. Alikufa mwaka 1975, ugonjwa wa mishipa ya fahamu umeshakula mwili wake wote. Na leo, wanaojua ngumi wakikaa kuorodhesha mabondia bora wa kilo 79 waliowahi kuishi, jina la kwanza mara nyingi ni Ezzard Charles. Konde la Walcott halimo kwenye mazungumzo hayo. Limebaki kwenye historia ya Walcott.

Hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa sikioni. Konde lile la Pittsburgh halikumpunguzia Charles chochote alichokuwa amekifanya. Lilichofanya ni kumhamisha. Usiku ule hakuwa tena mwenye hadithi. Akawa mtu anayepita ndani ya hadithi ya mwingine. Hadithi ya mzee anayeshinda ni tamu kupita kiasi. Inapendwa hata na watu wasiojua kuhesabu raundi. Kila aliyewahi kuambiwa muda wake umepita anaishika kama yake. Hadithi tamu namna hiyo inahitaji mtu wa kuanguka, na hakuna anayeuliza aliyeanguka ana hadithi gani. Foreman kupiga magoti kwenye kona ni picha. Moorer ni sakafu ya picha hiyo.

Kinachoamua kama mtu atatoka humo, kwa maoni yangu, ni akiba aliyoiweka. Tazama Felix Trinidad. Tarehe 29 Septemba 2001, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alikuwa ameshinda mapambano yote 40. Bernard Hopkins alikuwa na miaka 36, umri ambao mabondia wengi wa uzito wa kati huwa wamebaki kusimulia. Hopkins alimfundisha raundi kumi na moja, na katika ya kumi na mbili baba yake Trinidad, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake, akapanda ulingoni kuokoa mwanawe. Aibu kubwa, ukitaka kuiita hivyo. Lakini Trinidad alikuwa ameshampiga Oscar De La Hoya, ameshampiga Fernando Vargas. Akiba ilikuwepo. Sijawahi kumsikia mtu akimwita yule aliyepigwa na Hopkins.

Sasa mweke pembeni ya Leon Spinks. Medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976, kisha tarehe 15 Februari 1978, katika pambano lake la nane tu la kulipwa, akamshinda Muhammad Ali na kuwa bingwa wa dunia. Pambano la nane! Wengine hapo bado wanatafuta bukta. Miezi saba baadaye, New Orleans, Ali akiwa na miaka 36, amechoka, miguu si ile, akalirudisha taji kwa pointi baada ya raundi 15. Spinks alikuwa na miaka 25. Pambano lililofuata Gerrie Coetzee alimmaliza raundi ya kwanza. Kwa Spinks nakubaliana na kaka kwamba kitu kilipotea usiku ule wa New Orleans. Lakini si kwa sababu Ali alikuwa mzee. Ni kwa sababu jina la Spinks lote lilikuwa limejengwa kwa tofali moja, na tofali lenyewe lilikuwa Ali.

Ipo aina nyingine ya jina linalovunjika, na hapa sitamficha msomaji: kuna wakati jibu ni ndiyo. Jina lililojengwa kwa hofu halivumilii. Mike Tyson alipokutana na Evander Holyfield tarehe 9 Novemba 1996, Holyfield alikuwa na miaka 34, na watu wengi waliona amekwisha. Mwaka mmoja nyuma Riddick Bowe alikuwa amemlaza. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wamesema moyo wake una tatizo. Kulikuwa na watu waliohofia maisha yake. Holyfield akamsukuma Tyson nyuma usiku kucha, refa akasimamisha raundi ya 11. Sioni namna ya kusema kwamba Tyson hakupungua. Alikuwa amesharudi kutoka jela, amesharudisha mikanda, na wapinzani walikuwa wanashindwa tangu wakivaa glovu. Mtu aliyedhaniwa amekwisha akawaonyesha wote kwamba ukimsimamia, anarudi nyuma kama binadamu mwingine. Ukiuza hofu, siku moja tu ya kutoogopwa inatosha kufunga duka.

Foreman mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tunasahau kwamba kabla ya kuwa babu wa watu alikuwa Tyson wa zamani. Mwaka 1973 alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Alipofika Kinshasa alikuwa na miaka 25, ameshinda yote 40, na Ali mwenye miaka 32 alionekana kama anapelekwa machinjioni. Ali akaegemea kamba, akamwacha apige mpaka achoke. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Raundi ya nane ikaisha habari. Miaka mitatu baadaye Foreman aliacha ngumi kabisa, akawa mhubiri, na alipita miaka kumi bila kupanda ulingoni.

Kwa hiyo mtu aliyemwangusha Moorer mwaka 1994 alikuwa yeye mwenyewe amewahi kuwa Moorer. Kijana asiyeshindwa, aliyefanywa sakafu ya picha ya mkongwe. Ile bukta nyekundu haikuwa pambo.

Manny Pacquiao naye amekaa viti vyote viwili. Alipigana na Juan Manuel Márquez mara nne. Mwaka 2004 walitoka sare, Márquez akiwa ameangushwa mara tatu raundi ya kwanza. Mwaka 2008 na 2011 Pacquiao akapewa ushindi, wengine wakinung'unika. Tarehe 8 Desemba 2012 Márquez alikuwa na miaka 39. Imebaki sekunde moja raundi ya sita iishe, Pacquiao anaingia kwa pupa, konde la kulia linamkuta njiani. Alianguka uso mbele na hakutikisika. Nakumbuka chumba nilichokuwamo kilinyamaza. Mtu mmoja akasema, amekufa? Miaka saba baadaye, Julai 2019, Pacquiao huyo huyo, sasa ana miaka 40, akamwangusha Keith Thurman raundi ya kwanza na kumshinda kwa pointi. Thurman alikuwa bingwa, miaka 30, hajashindwa katika mapambano 29.

Mwulize mtu yeyote leo Pacquiao ni nani. Hataanza na Márquez.

Nikitafuta waliopigwa na wazee nakuta pia mambo ambayo takwimu haziwezi kubeba. Desemba 1995 Azumah Nelson wa Ghana, miaka 37, aliyekuwa hajapigana kwa zaidi ya mwaka na nusu, alimsimamisha Gabriel Ruelas raundi ya tano na kuchukua tena taji lake la dunia. Kwetu Afrika tulishangilia, na haki yetu, maana Azumah ni Azumah. Lakini Mei ya mwaka ule ule Ruelas alikuwa amempiga kijana wa Kolombia, Jimmy García, ambaye alipelekwa hospitali moja kwa moja kutoka ulingoni na akafa siku kumi na tatu baadaye. Pambano la kwanza la Ruelas baada ya msiba ule ndilo hilo la Azumah. Rekodi imeandika tu: ameshindwa, raundi ya tano. Mimi siwezi kuisoma rekodi ile nikacheka.

Hopkins alielewa mambo haya. Mwaka 2008, miezi mitatu kabla ya kutimiza 44, alimpeleka Kelly Pavlik shule kwa raundi 12. Pavlik alikuwa na miaka 26, bingwa wa uzito wa kati, hajashindwa katika mapambano 34, na kila mtu alidhani ndiye atakayemstaafisha mzee. Pambano lilipoisha, Hopkins hakuishia kushangilia tu. Alimwendea kijana, akamshika, akamwambia maneno ya kumtia moyo. Nafikiri alikuwa anajua ni mzigo gani amemtwika. Haukubebeka: Pavlik alipoteza mikanda yake kwa Sergio Martínez mwaka 2010, na akiwa na miaka 30 akaacha ngumi. Je, ni Hopkins aliyemmaliza? Sidhani. Pavlik alikuwa na vita vyake nje ya ulingo. Ila ni rahisi zaidi kusema ni Hopkins, na watu hupenda kilicho rahisi.

Wakati mzee mwenyewe akiendelea hadi mwisho, mambo hugeuka. Hopkins alichukua taji la dunia tena akiwa na miaka 46, akaivunja rekodi ya Foreman, akachukua jingine na miaka 48. Kisha Sergey Kovalev akamshinda raundi zote. Kisha Desemba 2016, akikaribia miaka 52, Joe Smith Jr. akamtoa nje ya ulingo kupitia kwenye kamba. Na Smith naye tukamwambia lile lile: umempiga mzee.

Turudi kwa Moorer. Baada ya konde la Foreman hakwenda kujificha. Foreman alinyang'anywa mkanda mmoja na kuuachia mwingine kwa sababu hakutaka wapinzani aliopangiwa, na mwaka 1996 Moorer akampiga Axel Schulz na kuuchukua ule ulioachwa. Akawa bingwa wa uzito wa juu kwa mara nyingine. Mwaka 1997 Holyfield alimwangusha mara tano, na mara tano Moorer aliinuka, mpaka walipomsimamisha baada ya raundi ya nane. Na kabla ya yote hayo, akiwa katika uzito wa kilo 79, alikuwa ametetea ubingwa wake mara tisa, na mara tisa hakuna mpinzani aliyefika mwisho. Yeye pia ndiye bondia wa kwanza wa mkono wa kushoto kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tangu enzi za ngumi za kale hadi mwaka 1994, hakuna aliyemtangulia. Wahenga wana neno moja ambalo mashabiki hulitumia kumfariji mtu na kusahau maana yake: asiyekubali kushindwa si mshindani. Moorer alikubali, akarudi kazini.

Mwaka 2024 aliingizwa katika jumba la heshima la ngumi la kimataifa, kule Canastota, Marekani. Miaka thelathini baada ya usiku ule. Nilimtumia kaka habari hiyo. Akanijibu kwa neno moja: "Wamemhurumia."

Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Foreman alifariki. Jioni ile kaka alikuja kwangu bila kusema anakuja, akakaa, akaniambia, "Weka lile pambano." Nikajua ni lipi. Tukalitazama bila kusemezana. Sikuwa nimelitazama zima kwa miaka. Siku hizi watu hutazama lile konde tu, sekunde kumi. Ukilitazama zima unaona kitu kingine. Unaona kijana anayejua sana kazi yake, mkono wa kulia haukosei, mguu wa mbele uko mahali pake.

Raundi ya tano ilipoisha kaka alinyoosha mkono, akachukua rimoti, akarudisha nyuma dakika moja. Makonde matatu mfululizo, kichwa cha Foreman kinarudi nyuma mara zote tatu.

"Huyu mtoto alikuwa anapiga," akasema.

"Nani?"

Hakunijibu. Akabonyeza, pambano likaendelea.